Barua ya wazi kwa wanaoshika mifuko ya utafiti Afrika Mashariki: lisosomu isingepita kwenye fomu zetu

Waheshimiwa mawaziri mnaosimamia elimu ya juu na sayansi, wakurugenzi wa tume na mabaraza ya sayansi, makamu wakuu wa vyuo, na ninyi wajumbe wa kamati mnaosoma maandiko ya utafiti na kuamua nani apewe fedha na nani arudi mikono mitupu,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa baiokemia katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kila mwaka nasimama mbele ya vijana wapya na kuwachorea seli ubaoni: kiini, mitokondria, lisosomu, peroksisomu. Majina hayo wanakuja nayo, wameyakariri tangu sekondari. Wasichokijua ni kwamba mbili kati ya oganeli hizo, yaani sehemu ndogo zenye kazi maalumu ndani ya seli, ziligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Na mtu huyo angekuwa anaomba fedha kwetu leo, tungemkatisha njiani, tena kwa nia njema.

Ombi langu kwenu ni moja. Katika kila bajeti ya utafiti litengwe fungu kwa ajili ya maswali ambayo mwenye kuyauliza hawezi kuahidi yatazaa nini, na fungu hilo liende pamoja na umeme wa uhakika, vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kutosha kurudia vipimo, na muda. Naomba mnivumilie nieleze kazi ya mtu mmoja, Christian de Duve wa Ubelgiji, kwa sababu katika maisha yake jambo hili linaonekana waziwazi.

De Duve alizaliwa Oktoba 1917 huko Thames Ditton, Uingereza, kwa wazazi wa Kibelgiji waliokuwa wamekimbia Vita Kuu ya Kwanza. Familia ilirudi Antwerp mwaka 1920. Mwaka 1934 aliingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kusomea udaktari wa binadamu, na akiwa bado mwanafunzi akajiunga na maabara iliyokuwa ikichunguza insulini. Swali lililomshika lilikuwa hili: homoni hii inafanya nini hasa hadi sukari ya damu ishuke? Alihitimu udaktari mwaka 1941, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Wajerumani. Alirudi darasani kusoma kemia, maana aliona swali lake halijibiki bila kemia. Mwaka 1945 alikamilisha kazi ya kurasa kama 400 juu ya glukosi, insulini na kisukari. Vita vilipokwisha akaenda Stockholm kwa Hugo Theorell, kisha St. Louis, Marekani, kwa Carl na Gerty Cori, ambako alifanya kazi na kijana aitwaye Earl Sutherland. Wote wanne baadaye walipata Tuzo ya Nobeli. Naomba mlikumbuke hilo la kupelekwa kwa walimu wazuri, nitalirudia.

Mwaka 1947 alirudi Louvain kufundisha, akafungua kikundi kidogo cha utafiti, wengi wao vijana. Mada ikawa ileile, insulini na ini.

Sasa nafika Desemba 1949, na hapa nitakaa.

De Duve na wenzake walitaka kujua kimeng'enya kimoja cha ini (vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli), kinachohusika na kuachia glukosi iingie kwenye damu, kinakaa sehemu gani ya seli. Walitumia njia iliyobuniwa na Mbelgiji mwingine, Albert Claude. Ini la panya linasagwa taratibu ndani ya mrija wa kioo wenye mchi wake, kwenye maji yenye sukari, ili seli zipasuke lakini vilivyomo ndani visiharibike. Rojo hilo linawekwa kwenye sentrifuji na kuzungushwa kwa kasi moja baada ya nyingine. Vizito vinatua kwanza, vyepesi vinafuata, kama mama anavyopepeta mchele ungoni hadi chuya zijitenge. Mwisho unabaki na mafungu: viini vya seli huku, mitokondria pale, vichembe vidogo kwingine, na maji yaliyobaki juu. Kila fungu linapimwa lina kimeng'enya kiasi gani.

Ili kulinganisha, walipima pia kimeng'enya cha pili ambacho hawakuwa na haja nacho. Kinaitwa fosfatasi ya asidi. Kilikuwa kipimo cha kujihakikishia tu kwamba kazi inakwenda sawa.

Hicho ndicho kilichowashangaza. Walipopima rojo lililosagwa taratibu walipata kama sehemu 1 tu ya 10 ya kile walichokuwa wakipata walipolisaga ini kwa nguvu kwenye blenda. Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa maabara angelifikiria ni kwamba kuna mahali pamekosewa. Sampuli zilikuwa zimehifadhiwa kwenye friji. Baada ya siku 5 walizitoa, wakapima tena zilezile, na kimeng'enya kikawa kimepanda hadi kiwango kilichotarajiwa.

Ningependa kila mjumbe wa kamati ya ruzuku atafakari hapo. Mtafiti ana mradi wa insulini. Kimeng'enya chake kikuu kimepimwa vizuri na jibu lake analo. Hiki cha pili si hoja ya andiko lake. Kilileta kasoro, sasa kasoro yenyewe imejirekebisha kwenye friji. Angeweza kuandika namba za siku ya pili, akafunga ripoti, akasonga mbele, na hakuna mkaguzi ambaye angemlaumu.

De Duve aliacha insulini ikae kando akafuata kasoro.

Hoja aliyoifikia na vijana wake ni kwamba kimeng'enya kile hakikuwa kimepungua wala kuongezeka. Kilikuwa kimefungiwa. Kuna kifuko ndani ya seli, chenye utando kukizunguka, na kimeng'enya kimo humo, hakikutani na kile kinachopaswa kuvunjwa nacho. Blenda inapasua vifuko. Usagaji wa taratibu unaviacha vizima, na siku 5 za friji zinadhoofisha utando hadi vifuko vivuje. Wakaijaribu hoja hiyo kwa kila namna: kugandisha na kuyeyusha, kuweka kwenye maji matupu yasiyo na sukari, kuweka sabuni. Kila kilichodhuru utando kilifungulia kimeng'enya. Kisha wakarekebisha utaratibu wa sentrifuji ili kupata fungu jipya la katikati, lililokuwa limejificha pamoja na mitokondria. Wakakuta humo vimeng'enya vingine, vyote vya kuvunjavunja, vyote vikipenda asidi. Mwaka 1955, vimeng'enya vikiwa vimefika 5, walitangaza kwamba seli ina oganeli ambayo haikujulikana, wakaiita lisosomu. Leo tunajua ina aina zaidi ya 50 za vimeng'enya vya aina hiyo.

Kitu kimoja hunigusa kila ninapokifundisha. Walipoitangaza, kazi yote ilikuwa imefanywa kwa mirija, mizani na hesabu, si kwa kutazama. Mwaka huohuo wa 1955 Mmarekani Alex Novikoff aliwatembelea Louvain, akatazama fungu lao kwa hadubini ya elektroni, na vifuko vikaonekana. Maabara ndogo ilikuwa imefika mahali ambapo jicho halikuwa limefika, kwa sababu iliruhusiwa kurudia kipimo kilekile mara nyingi kadiri ilivyohitaji.

Na hawakuishia hapo. Miongoni mwa vimeng'enya walivyovipima kilikuwepo kimoja kinachovunja asidi ya yuriki. Kilitua kwenye fungu moja na vile vya lisosomu, lakini tabia yake ilikuwa tofauti: hakikufungiwa namna ileile na hakikupenda asidi. Ingekuwa rahisi kukilazimisha kiingie kwenye orodha. Walikiacha peke yake, wakakifuatilia kwa miaka, wakabuni hata njia ya kuwadunga panya dawa fulani inayofanya lisosomu ziwe nyepesi ili zijitenge na vifuko vyenye kimeng'enya hicho. Kikawa na wenzake: vimeng'enya vinavyotengeneza hidrojeni peroksaidi na kimoja kinachoivunja. Kwa hadubini vifuko vyenyewe vilikuwa vimeshaonekana tangu 1954, bila yeyote kujua kazi yake. De Duve aliviita peroksisomu, mwaka 1965. Oganeli ya pili, nayo imetoka kwenye namba ambayo haikukubaliana na wenzake.

Kuanzia mwaka 1962 aligawa muda wake kati ya Louvain na Taasisi ya Rockefeller huko New York. Mwaka 1974 alianzisha Brussels taasisi ya kimataifa ya baiolojia ya seli na molekuli, ambayo leo inabeba jina lake. Mwaka huohuo akapata Nobeli ya tiba pamoja na Albert Claude na George Palade aliyezaliwa Romania. Alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 95.

Claude naye asipitwe hivihivi. Alitoka kijiji cha Longlier, aliacha shule mapema, akafanya kazi kiwanda cha chuma. Kwa kuwa alijitolea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sheria ya waliotumikia vitani ilimruhusu kuingia Chuo Kikuu cha Liège bila cheti cha sekondari. Bila kifungu hicho kimoja cha sheria, mbinu ya kutenganisha sehemu za seli kwa sentrifuji ingesubiri mtu mwingine, na De Duve angekuwa hana cha kuanzia. Nawaandikia watunga sheria, ndiyo maana nalisema.

Waheshimiwa, najua swali linalofuata: faida yake nini? Ni swali la haki, fedha ni za wananchi.

Mwaka 1963, palepale Louvain, Henri-Géry Hers, aliyekuwa amefanya kazi na De Duve tangu enzi za insulini, alieleza ugonjwa wa Pompe. Mtoto anazaliwa, misuli inalegea, moyo unavimba, na wengi wa wale ambao ugonjwa uliwaanza wachanga walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Daktari Mholanzi alikuwa ameueleza tangu 1932, lakini chanzo hakikujulikana. Hers alionyesha kwamba kimeng'enya kimoja cha lisosomu hakipo, kwa hiyo glikojeni, sukari ya akiba ya mwili, inajazana ndani ya vifuko hivyo hadi seli inashindwa kazi. Ukawa ugonjwa wa kwanza kujulikana wa lisosomu zinazojaa bila kumeng'enya, na nyuma yake yakafuata mengine kwa makumi. Mwaka 1991 Marekani iliidhinisha dawa ya kurudishia kimeng'enya kinachokosekana katika ugonjwa wa Gaucher, na mwaka 2006 ile ya Pompe. Hesabuni wenyewe: tangu friji ile ya 1949 hadi dawa ya Pompe ni miaka 57. Hakuna mpango wa miaka mitatu wenye safu ya "matokeo tarajiwa" ambao ungeandika hilo.

Watoto wenye magonjwa hayo wanazaliwa na kwetu pia. Wazazi wengi huwazika bila kupewa hata jina la kilichowaua.

Kuna yanayotuhusu kwa karibu zaidi. Klorokwini, dawa iliyowatibu malaria wazazi wetu wote, hufanya kazi kwa kunaswa kwenye vifuko vyenye asidi. Mwaka 1974 De Duve na wenzake waliandika kwa kirefu juu ya dawa za namna hiyo, zinavyoingia kirahisi na kushindwa kutoka. Kimelea cha malaria kina kifuko chake cha asidi anachomeng'enyea hemoglobini yetu, na humo ndimo klorokwini hujikusanya na kumdhuru. Usugu ulipokuja, ulikuja kwa kimelea kubadilisha protini moja kwenye utando wa kifuko hicho ili dawa itolewe nje. Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Vita hiyo nzima, ushindi na kushindwa, ilipiganiwa kwenye utando wa oganeli.

Na malale. Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst, huko Amsterdam, waligundua kwamba vimelea vya malale huweka hatua za mwanzo za kuvunja glukosi ndani ya oganeli ya pekee, glikosomu, ambayo ni ndugu wa peroksisomu. Sisi binadamu hatuna. Opperdoes baadaye alifanya kazi kwenye taasisi ya De Duve Brussels, katika kitengo cha magonjwa ya kitropiki. Kisha mwaka 2003 kikundi cha Étienne Pays, nacho cha Ubelgiji, kilieleza kwa nini binadamu hapati nagana, ugonjwa wa mbung'o unaoua ng'ombe wetu. Damu yetu ina protini iitwayo APOL1. Kimelea huimeza, inafika kwenye lisosomu yake, inatoboa utando, lisosomu inavimba, kimelea kinakufa. Aina inayosababisha malale makali huku kwetu, Tanzania na Uganda, inajikinga kwa protini yake inayoishika APOL1 kabla haijafanya kazi. Hivyo ndivyo mbung'o mmoja porini anavyoweza kumuacha mchungaji salama na mwingine kumuua.

Malale ni yetu, na hifadhi zenye mbung'o ziko kwetu. Maarifa hayo yalitoka Amsterdam na Brussels. Siwaonei wivu waliofanya kazi, waliifanya vizuri. Ninachouliza ni kwa nini mwanafunzi wangu, aliyekulia kwenye nyumba ambayo ng'ombe walikufa kwa nagana, hakuwa na mahali pa kuuliza swali hilo kwanza.

Nawaeleza ilivyo. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa akipima vimeng'enya kwenye maini ya ng'ombe aliyokuwa akiyafuata machinjioni alfajiri, boksi la barafu begani. Baadhi ya sampuli zilimpa namba zisizofanana na nyingine, na alivyoziangalia aliona kuna mpangilio: zote zilikuwa za ng'ombe waliotoka upande mmoja. Alitaka kurudia. Vitendanishi vilitosha mara moja tu, ndivyo bajeti ilivyopitishwa. Vingine vingeagizwa nje, vikae bandarini vikisubiri vibali, na vile vinavyohitaji baridi vingeharibika vikiwa hapohapo. Wiki ileile umeme ulikatika usiku, jenereta halikuwaka, na asubuhi friji la sampuli lilikuwa linatoa maji chini. Kwenye tasnifu yake zile namba hazimo. Aliziondoa kwa utaratibu unaokubalika wa takwimu, akahitimu, akapata kazi ya kuuza dawa. Mpangilio ule sijui ulikuwa nini. Huenda si kitu. Lakini hatukuweza hata kujua kwamba si kitu.

Ninaposoma fomu zetu za maombi nakuta maneno yaleyale: bidhaa itakayopatikana, walengwa, viashiria vya robo mwaka, mchango kwa uchumi wa viwanda. Sina ugomvi na utafiti wa kutatua tatizo lililopo mezani. Mkulima mwenye mihogo inayooza anataka jibu la msimu huu, apewe. Nasema tumeufanya huo kuwa utafiti pekee unaostahili fedha za umma, na matokeo yake watafiti wetu wamejifunza kuahidi wasichokijua. Mwandishi wa andiko anabuni bidhaa ili apite, mjumbe wa kamati anajua imebuniwa, na wote wawili wanasaini. Hili linaharibu zaidi ya fedha. Linawafundisha vijana kwamba ukweli kuhusu swali lao ni kikwazo.

Mtasema Ubelgiji ilikuwa tajiri. Ilikuwa ikiitawala Kongo na kuchimba shaba ya Katanga, kweli, na hilo halifutiki. Lakini utajiri peke yake haukujenga maabara. Tarehe 1 Oktoba 1927 Mfalme Albert wa Kwanza alisimama Seraing, mji wa viwanda vya chuma, akawaeleza wenye mali hali duni ya maabara za nchi na kuwataka wachangie sayansi ya msingi, ile isiyoahidi faida ya kesho. Mwaka uliofuata, 1928, ukaanzishwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kisayansi. Upo hadi leo. Ulipita katika kuanguka kwa uchumi wa dunia, ukapita katika uvamizi wa Wajerumani, na haukuvunjwa. Miaka 46 baadaye Wabelgiji wawili walisimama Stockholm siku moja. Kiongozi wa nchi alikuwa amesema hadharani kwamba kutaka kujua ni kazi ya taifa.

Sisi tumeshasema pia, kwenye karatasi. Nchi za Umoja wa Afrika ziliafikiana kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sheria ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inataja asilimia 2. Tuko chini ya hapo, na kinachotengwa mara nyingi hakitoki chote.

Siombi tuanze na asilimia hizo. Naomba kwamba katika kila shilingi ya utafiti inayotoka hazina, senti 20 ziende kwenye maswali ya msingi, na kamati ya kuzigawa iulize mambo mawili tu: swali hili ni zuri, na huyu anayeuliza ana uwezo wa kulifuata? Safu ya bidhaa iondolewe kwenye fomu hiyo. Atakayepewa apewe kwa miaka mitano, aruhusiwe kubadili mwelekeo akikutana na jambo kubwa kuliko alilolianzia, kwa barua moja ya maelezo, bila kurudishwa mwanzo wa foleni wala kuitwa aliyekiuka mkataba.

Kila ruzuku iwe na fungu la kurudia vipimo. Hili ni dogo na ndilo ninalolipigia magoti. Mtafiti ambaye vitendanishi vyake vinatosha mara moja hafanyi sayansi, anajaza jedwali.

Kuhusu umeme na mashine, mnajua hali ilivyo kwa sababu mnakata utepe. Sentrifuji ya mamilioni inazinduliwa mbele ya kamera, halafu inaharibika kifaa kimoja, hakuna mkataba wa matengenezo, inafunikwa kitambaa. Naomba hakuna mashine inunuliwe bila fedha za kuihudumia kwa miaka kumi na bila fundi sanifu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mwenye mshahara unaomfanya abaki. Nimefanya kazi na mafundi sanifu wanaoijua maabara kuliko maprofesa wake, na wanastaafu bila nafasi zao kujazwa. Vitendanishi vya utafiti vipewe njia yao ya haraka forodhani, hasa vinavyosafiri na barafu. Hilo halihitaji fedha, linahitaji waraka.

Na lile la walimu wazuri nililowaomba mlikumbuke. De Duve alitumwa kwa Theorell na kwa akina Cori akiwa kijana, akarudi akakuta nafasi ya kufundisha na maabara ya kuanzia. Sisi tunawapeleka vijana wetu Uswidi, Ujerumani, Japani, wanafanya kazi inayosifiwa huko, wanarudi na kukuta mzigo wa vipindi vya wanafunzi mia kadhaa na ofisi ya watu wanne. Anayerudi na shahada ya uzamivu apewe miaka miwili ya kwanza yenye vipindi vichache na kianzio cha kufungulia benchi lake. Wanaoondoka tena hawaondoki kwa kuichukia nchi. Nimewasindikiza uwanja wa ndege, nimezungumza nao.

Naongeza mfano wa karibuni kwa wale watakaosema enzi za De Duve zimepita. Yoshinori Ohsumi wa Japani alitumia hamira, ileile ya maandazi, kuchunguza namna seli inavyojila sehemu zake kuukuu kwa kuzipeleka kwenye kifuko cha kuvunjia. Jambo hilo De Duve ndiye aliyelipa jina mwaka 1963. Ohsumi alianza katika maabara ndogo, kwenye eneo ambalo wachache walilijali. Mwaka 2016 alipata Nobeli, na sasa kazi hiyo inafuatwa na watafiti wa saratani na wa magonjwa ya ubongo duniani kote. Hamira tunayo. Hadubini nzuri za mwanga tunazo katika baadhi ya vyuo vyetu. Kilichopungua ni ruhusa na uvumilivu, na vyote viwili viko kwenye kalamu zenu.

Bajeti za nchi zetu husomwa Juni, na makadirio huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Nawaomba wizara na tume zikae na watafiti wenyewe, wakiwemo vijana na mafundi sanifu, kabla makadirio ya mwaka ujao hayajafungwa, ili fungu hili liandikwe kwa jina lake, na masharti yake yawe mepesi kiasi nilichoeleza. Mkituita tutakuja. Tutakuja na madaftari ya maabara, tuwaonyeshe kurasa zenye namba tulizolazimika kuziacha, na mtaamua wenyewe kama zilistahili kurudiwa.

Kwa heshima na kwa matumaini,

Mwalimu wa baiokemia, Tanzania